Askofu wa Divai

Simu ililia kukumbusha saa ya dawa ndani ya basi la kwenda mji wa Zelina, naye Vjekoslav akameza kidonge chake.

"Moyo?" akauliza bibi aliyeketi naye.

"Ini, mama. Nilipandikizwa mwaka jana. Sasa nala, nalala, hata kuni napasua."

"Mbona umenuna kama mfiwa?"

Akamfunulia mfuko wenye joho. Kila sikukuu ya Mtakatifu Martini, yeye ndiye huvaa joho la askofu wa mzaha na kuibatiza divai mpya ya kijiji. Leo alikuwa analirudisha ili avae mtu mwingine. "Siruhusiwi hata tone. Askofu asiyeonja, si watanicheka?"

"Ala! Padri wetu kabatiza watoto mia, mwanangu. Hajamla hata mmoja."

Basi likasimama. Vjekoslav akashuka akicheka, joho mabegani.