Kinu Chini ya Kamioneti

Wandugu na wamama, mutanisamehe nikisema nikiwa nimeketi. Muguu huu hauvumilii kusimama. Mimi si mutu wa maneno mengi, nitasema tu yale yaliyonipata.

Munaijua ile kamioneti niliyoinunua kwa muzungu mumoja muuza mupunga alipokuwa anarudi Ulaya. Ilikuwa kazi yangu na chakula chetu: mupunga na mawese toka Kabambare mpaka hapa Kasongo. Musimu mumoja wa mvua, mashimo ya njia ya Wamaza yakavunja resori, vile vyuma vinavyobeba gari juu ya magurudumu. Nikaifikisha nyumbani, karibu na Kabambare, ikichechemea. Fundi alikuwa mbali, nikasema nitatengeneza mwenyewe.

Nikaiinua kwa kirike, kile chuma cha kuinulia gari, nikatoa gurudumu. Udongo ulikuwa umelowa, kirike kikaanza kuzama. Ndugu zangu, nawaambia, nikachukua kinu cha muke wangu, nikakipindua, nikakiweka chini ya gari kiishikilie. Muke alikataa. Kwetu kinu hakipinduliwi, ni kuita njaa. Nikamucheka. Muti umepigwa muchi miaka yote hii, nikawaza, gari ndiyo itaushinda? Yeye akaenda shamba, mimi nikaingia chini. Kumbe kinu kinavumilia kupigwa ndani. Kubeba muzigo ni kazi nyingine. Kikapasuka toka juu mpaka chini.

Gari ikanilalia paja. Pumzi ya kuita sikuwa nayo. Nilisikia watu wakipita njiani wakizungumza mambo yao, hakuna aliyejua kama iko mutu pale. Niliogopa sana. Muke wangu ndiye alinikuta, jua limeinama.

Akaita watu, wakainua gari, wakanibeba kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, mpaka kwa munganga wa hospitali Kabambare. Kipoyi kile wanachobebewa mabwana wa serikali. Basi siku hiyo na mimi nilipanda cheo. Cheka tu, mama, hata mimi sasa ninacheka.

Mufupa ulipona, roho haikupona. Kamioneti ilikaa uani, kuku wakataga ndani yake. Nikiikaribia tu, jasho. Muke akalima peke yake pamba ya lazima ya serikali na mihogo yetu, akarudi, akapika, hakuninung'unikia. Nilichoka kuhurumiwa, na nilichoka kuogopa.

Asubuhi moja nikamukuta yeye na majirani wameinua kamioneti. Chini yake wamepanga magogo mazima, yamekingamana, juu ya mbao pana. Magurudumu wameyazuia kwa mawe. Wakaisukuma huku na huku mpaka wakachoka. Ndipo muke akaniambia:

"Tumeisukuma sisi wote, haikutikisika. Sasa ingia, ao uiuze. Lakini usife ukiwa umeketi."

Nikaingia. Nililia kule chini, sifichi.

Majirani wale wamo humu ndani, sitawataja. Aksanti kwenu, aksanti kwa waliobeba kipoyi, aksanti kwa Mungu. Na ninyi munaotengeneza magari yenu wenyewe, kirike ni cha kuinua, si cha kushikilia. Egemeza kwa kitu kizima, sukuma gari kabla ya kuingia, na usiingie kama hakuna mutu karibu.

Mimi nikiingia leo, muke wangu anaketi pembeni akimenya mihogo. Kila mara anauliza, "Uko?" Swali hilo limenichosha, wandugu. Lakini kila mara ninajibu, "Niko."