Bwana Acha na Matete ya Bwawani

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Acha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama alisimulia kwamba alikuja na haraka zake, mkunga hajavua hata viatu. Tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kitako.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966. Mwalimu wa darasa la tatu alichoka kumwambia aketi, akamhamishia dirishani asome kwa kusimama. Huko alijifunza ndege, hesabu zikampita. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, na mwaka 1979 akapata cheti cha utunzaji bustani.

Juni 1984 aliajiriwa kuwa mtunzaji wa hifadhi ya mji, ile yenye bwawa, kati ya barabara kuu na kiwanda cha sabuni. Jambo linalofuata aliagiza lisomwe, akatuonya kwamba tukiliruka atainuka alisome mwenyewe. Mwaka wake wa pili kazini wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, naye akataka kung'ara. Kwa siku mbili alifyeka matete yote kuzunguka bwawa, akafagia ukingo ukawa safi kama sebule. Wageni walimsifu, akapewa cheti cha mfanyakazi bora. Siku ya tatu, akimwaga majani kutoka kwenye toroli, aliona mayai. Ulikuwa msimu wa kutaga wa kwera, wale ndege wa manjano wanaofuma viota, na viota vyao vyote vilikuwa kwenye yale matete. Alikaa chini pale pale mpaka mlinzi wa getini akaja kumuuliza kama anaumwa.

"Nimeua," alimjibu, "na wamenipigia makofi."

Kwera hawakurudi kwa miaka minne. Cheti alikitundika stoo ya vifaa, uso umegeukia ukutani. Kipo hadi leo.

Kuanzia hapo neno lake likawa moja. Gogo limeoza, acha. Majani yamerefuka, acha. Wakubwa wakilalamika kwamba hifadhi inaonekana chafu, anawauliza, "Chafu kwa nani?" Kila asubuhi alihesabu viota na kuviandika kwenye daftari, hata ile miaka aliyokuwa akiandika sifuri. Alikuwa mgumu, tusidanganyane. Nyumbani alituchosha: chakula kinapoa mezani, yeye yuko mlangoni anavaa buti, kisa kasikia mbwa akibweka upande wa bwawa.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yetu, fundi cherehani wa kibanda kinachotazamana na geti la hifadhi. Siku ya harusi walikwenda kupiga picha bwawani. Mpiga picha anasema tabasamuni, bwana harusi hayupo; yumo topeni na suti yake, anamfukuza paka. Picha ile ipo sebuleni, bibi harusi peke yake, anacheka. "Nilijua naolewa na bwawa pia," husema wifi. Walijaliwa mabinti wawili.

Alistaafu mwaka 2018, kwa maana ya karatasi tu, maana asubuhi iliyofuata alikuwa bwawani. Februari mwaka huu wa 2024 moyo ulianza kumsumbua. Mwezi huo huo kamati ya hifadhi ilitangaza mpango wa kufukia upande wa matete ili pawe maegesho ya magari. Daktari alimsihi apumzike. "Waambie na wao wapumzike," akamjibu. Hospitalini, ukiingia kumwona, kabla ya salamu anakuuliza maji yamefika wapi. Uamuzi ni Jumatatu ijayo, na hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 11 Julai binti yake mdogo alimpelekea hesabu: viota kumi na tisa.

"Umehesabu na vya upande wa kiwandani?"

Hakuwa amevihesabu.

"Basi rudi, mama. Wakikukuta umekosea kimoja, hawatakuamini vyote."

Akarudi bwawani. Aliporejea wodini na jibu, viota ishirini na vitatu, baba yake alikuwa ameshafunikwa shuka. Aliinama akamtajia idadi hivyo hivyo, sikioni.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu, sisi ndugu zake wanne, na viota ishirini na vitatu. Hakuondoka ametulia, na hatutasema uongo mbele ya jeneza lake. Hatujui kama matete yatapona. Tunachojua ni kwamba Jumatatu, saa tatu asubuhi, tutaingia kwenye kikao na madaftari yake yote, na kile cheti tutakigeuza wakisome.

Kaka, acha sasa. Hesabu tunayo sisi. Pumzika kwa amani.