Kutoka Mstari Mwekundu Hadi Mlango wa Upasuaji: Miaka 34 ya Mzee Sosthenes Lwambano

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, Mzee Sosthenes Lwambano anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni Isombya kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa tarehe 2 Machi 1992 akiwa msukuma machela, na anaondoka akiwa msukuma machela. Katikati hapo aliteuliwa mara mbili kuwa msimamizi wa wahudumu, na mara zote mbili aliandika barua ya heshima kuomba arudishwe kwenye machela yake.

Mzee Sosthenes alizaliwa Mlandege, Iringa, mwaka 1966, mtoto wa nne wa fundi baiskeli. Alikuja Mbeya kumtembelea dada yake aliyeolewa mtaa wa Soweto. Akaona tangazo la kazi kwenye ubao wa kanisa, akaomba, na ile ziara ya wiki mbili haijaisha hadi leo. Soweto ndiko alikopanga chumba, akamleta mkewe, Mama Eveline, na wakalea watoto watatu. Hata hivyo Kihehe hakikumtoka. Kila mgonjwa, awe Mnyakyusa, Msafwa au mgeni wa kutoka mbali, alisalimiwa "Kamwene!" na kila mmoja alijikuta akiitikia hivyo hivyo. Muuguzi mmoja mgeni alidhani hilo ndilo jina lake, akamwandika "Kamwene" kwenye ratiba ya zamu kwa miezi minne. Mzee hakusema kitu. Aliingia zamu za Kamwene zote na hakuchelewa hata moja.

Mimi ninayeandika wasifu huu nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa najitolea masjala. Kazi yangu ni kubeba mafaili. Faili la mgonjwa humfuata hadi mlango wa upasuaji, kwa hiyo tangu Januari nimetembea nyuma ya Mzee Sosthenes karibu kila siku. Nadhani ndiyo sababu Katibu wa Hospitali alinipa mimi kazi hii. Sijazoea kuandika habari za watu wazima, na nikikosea naomba radhi mapema.

Kwa wasomaji wasiofika upande wetu, nieleze kwanza palivyo. Kati ya wodi na chumba cha upasuaji kuna njia ndefu iliyoezekwa bati. Karibu na mwanzo wake kuna mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Ndugu wa mgonjwa huishia hapo. Mama huachia mkono wa mtoto hapo, na mume hubaki amesimama na kandambili za mkewe mkononi. Kuanzia mstari ule hadi mlangoni mgonjwa hana mtu wake. Ana bati la kutazama, na uso wa anayemsukuma. Ukienda mwendo wa kawaida ni dakika tatu. Mzee Sosthenes anasema dakika hizo ndizo ambazo watu humwuliza maswali ambayo hawajawahi kumwuliza mtu yeyote.

Hakuwa mtu wa kuanza yeye. Hilo wote waliofanya naye kazi wanalishuhudia. Alikuwa akisema kuwa mtu aliyelala chali hawezi kukukimbia, kwa hiyo si haki kumhubiria. Mgonjwa akitaka kimya, alimpa kimya. Mama mmoja Mwislamu alimwomba aende polepole ili amalize dua yake, naye akasimamisha machela kabisa mpaka alipoitikia amina. Lakini mtu akimwuliza, alijibu. Hakumwambia mtu asubiri.

Kufika hapo kulimchukua muda. Wazee wa hospitali wanakumbuka kwamba zamani alionekana akisukuma machela tupu huku akizungumza peke yake. Walidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa akifanya mazoezi. Alitunga maelezo ya imani yake yatakayotosha kuanzia mstari mwekundu hadi mlangoni, akayapima kwa hatua, akayakariri. Siku ya kwanza alipoyatumia, mgonjwa alikuwa bibi mmoja wa Uyole aitwaye Esta. Bibi alimwuliza kama yeye mwenyewe anaogopa kufa. Mzee Sosthenes akaanza: uumbaji, anguko la mwanadamu, manabii, akafika msalabani mlango ukiwa umebaki hatua kumi. Bibi Esta akamtazama, akasema, "Baba, umesema maneno mazuri sana. Mimi nilikuuliza kama unaogopa."

Anasema siku ile aliyatupa yale maelezo yote. Akamjibu bibi kwamba ndiyo, anaogopa, ila hadhani kwamba atakuwa peke yake. Bibi akasema, "Haya, hilo nimelielewa," na akaingia.

Kazini alikuwa mtu wa vitu vidogo. Magurudumu aliyapaka mafuta kila Jumatatu, kwa sababu mlio wake humfanya mgonjwa ahesabu mizunguko. Mwaka 2009 alichaguliwa Mfanyakazi Bora siku ya Mei Mosi, akapewa cheti na blanketi zito la kijivu. Cheti alikipeleka nyumbani. Blanketi lilibaki kwenye machela, maana Juni ya huku kwetu shuka moja halimtoshi mtu anayetetemeka tayari. Blanketi hilo limefuliwa mpaka limekuwa jepesi, na bado lipo.

Sasa niandike kuhusu siku moja ya mwaka huu. Mhusika mwenyewe ameniruhusu, na nitaeleza mwishoni kwa nini.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe 14 Aprili, asubuhi, mvua ikipiga bati hata ilibidi watu wapaze sauti. Mgonjwa alikuwa Brayson, mchimbaji wa dhahabu kutoka Makongolosi, wilayani Chunya, miaka thelathini na moja. Shimo lilikuwa limeporomoka. Yeye aliokolewa, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umesagika na kuoza. Mdogo wake, Isakwisa, alifia chini. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mguu usipokatwa siku ile, sumu itaingia kwenye damu na hataishi wiki. Brayson alisaini fomu wodini bila kusema neno. Hakukuwa na ndugu wa kuachwa kwenye mstari. Tulikuwa watatu tu: yeye, Mzee Sosthenes, na mimi na faili.

Tulipovuka mstari, Brayson alishika chuma cha pembeni cha machela, akasema, "Nirudishe."

Mzee akasimama. Hakusukuma hata kidogo. Akauliza, "Unaogopa kisu, kijana wangu?"

"Siogopi kisu. Sitaki kupona."

Kisha akasema yote, kwa sauti ya juu kwa sababu ya mvua, bila kututazama. Siku ile ilikuwa zamu yake kukagua matimba, zile mbao zinazozuia kuta za shimo. Hakukagua. Alimwambia mdogo wake, "Shuka, matimba ni mazima." Isakwisa akashuka kwa kumwamini. Mama yao, Mama Tupokigwe, alikuwa amezika mtoto akidhani ni ajali tu. "Nikipona nitaenda kumtazama mama usoni. Nitamwambia nini? Niache nife, mzee. Wewe rudisha machela tu, waambie nimekataa."

Mlango wa upasuaji ukafunguka. Sista Devotha akatoa kichwa. "Mzee Sosthenes! Leo mahubiri yameanza kabla ya dawa ya usingizi? Daktari ameshavaa glavu!"

"Sista, mgonjwa hajasema ndiyo."

"Si amesaini?"

"Alisaini. Sasa hajasema ndiyo."

Sista Devotha akamtazama Brayson, utani ukamwisha usoni, akarudisha mlango taratibu.

Brayson akacheka kicheko kibaya. "Wauguzi wanasema wewe ni mtu wa Mungu. Haya, niambie. Mungu wako anafanya nini na mtu kama mimi?"

Mimi nilikuwa nimekumbatia faili nikitazama sakafu. Nilijua majibu mengi ya swali hilo. Nimesoma somo la dini miaka minne na nilipata alama nzuri. Hakuna hata jibu moja lililokuja mdomoni.

Mzee Sosthenes alikwenda akapiga goti pembeni ya machela, ili uso wake uwe sawa na wa Brayson. Magoti yake yana maumivu, kwa hiyo alishuka kwa taabu. Akasema:

"Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilimsukuma mtu hapa hapa. Aliitwa Yohane. Aliniuliza, akifa atakwenda wapi. Jibu nilikuwa nalo, na nililiamini. Lakini daktari alikuwa anatembea nyuma yetu, mtu msomi, nikaona aibu. Nikamwambia Yohane, mambo hayo utamwuliza mchungaji kesho. Akaitikia, haya. Kesho hakuifikia."

Brayson akamgeuzia uso.

"Alikuwa ananitegemea mimi tu katika njia hii. Nikamwacha aende na lile neno langu la kesho. Nimeuona uso wake miaka mingi."

"Sasa unaniambia hayo ili iweje?"

"Ili umjue anayekusukuma. Mimi si mwema kuliko wewe."

"Na huyo Yohane ulimwombaje msamaha, na ameshakufa?"

"Sikumpata. Ndiyo maana nilikwenda kwa Yesu, nikiwa na aibu yangu yote, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, mwanangu. Alinisamehe. Habari niliyo nayo ni hiyo tu. Nimetafuta nyingine kubwa zaidi, sina."

Mvua iliendelea. Baadaye Brayson akasema, kwa sauti ndogo hata ikabidi nisogee ndipo nisikie, "Mama hatanisamehe."

Hapo nilitegemea Mzee aseme kwamba atasamehe. Wengi wetu tungesema hivyo ili mgonjwa aingie ndani. Yeye akasema, "Hilo silijui. Siwezi kukuahidi ya mama yako. Ila kama unataka, siku ya kwenda kumwambia nitakwenda na wewe."

"Mpaka Makongolosi?"

"Si kuna gari?"

Brayson alitazama bati. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali. Akaachia kile chuma. Akasema, "Ndaga, tata. Sukuma." Wasiojua Kinyakyusa, alikuwa anasema asante, baba.

Mzee akainuka kwa kushikilia gurudumu, akamvutia blanketi hadi kifuani, na tukaenda.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Brayson aliishi. Mzee Sosthenes alipita wodini kila siku baada ya zamu, miezi miwili, na mara nyingi walizungumza habari za mpira na bei ya mahindi. Wiki ya tatu Brayson alimwomba arudie ile habari yake, na safari hii kulikuwa na muda. Walisali pamoja mara ya kwanza Jumapili ya Pentekoste, pale nje kwenye benchi, Brayson akiwa na magongo mapya. Mimi nilikuwa napita na mafaili. Mzee akaniita, akasema nikae. Nilikaa. Baada ya sala Brayson aliniuliza kama na mimi naiamini ile habari. Nilisema ndiyo. Nilitaka kuongeza maneno, hayakuja, na Mzee akaniambia kuwa hilo moja linatosha kwa kuanzia.

Nilipomhoji kwa ajili ya wasifu huu, Mzee Sosthenes aliomba tusimwandike kuwa ni mhubiri. Alisema wapo wahubiri na anawaheshimu. Tumemwandika msukuma machela. Aliomba pia tumshukuru kila muuguzi aliyewahi kumshikia mlango, na mkewe, Mama Eveline, aliyempa uji kila alfajiri kwa miaka yote hii na hakumwuliza hata mara moja kwa nini asitafute kazi ya ofisini.

Hospitali nzima inamshukuru. Daktari Mfawidhi ameniomba niandike kwamba katika miaka thelathini na minne hakuna mgonjwa aliyeanguka kutoka kwenye machela ya Mzee Sosthenes, na kwamba rekodi hiyo haitavunjwa kirahisi. Mimi kwa niaba ya vijana tunaojitolea naongeza shukrani zetu, kwa sababu alitusalimia kwa majina.

Wanarudi kuishi Iringa. Mizigo yao ilitangulia Mlandege juzi kwa lori, na Mama Eveline ataifuata kesho kwa basi. Watu wengi walidhani Mzee atapanda naye. Kesho hiyo hiyo, Jumamosi, yeye atakuwa kwenye gari la Chunya pamoja na Brayson, ambaye ameruhusiwa leo. Wamepanga kufika Makongolosi mchana. Brayson atasema mwenyewe. Mzee atakaa pembeni yake tu.

Nilimwuliza Brayson kama ana uhakika kwamba habari hii iandikwe. Alisema jarida letu hugawiwa Jumatatu, na ikifika Jumatatu mama yake atakuwa ameshaisikia kutoka kinywani mwake, kwa hiyo haitakuwa siri tena. Alisema anataka kuwe na tarehe ambayo hawezi kurudi nyuma.

Kwa hiyo wewe unayesoma sasa, mambo yameshatokea, na mimi ninayeandika Ijumaa sijui yamekuwaje. Mzee Sosthenes, tunakuombea pumziko jema Iringa, magoti yasiyouma, na miaka mingi na Mama Eveline. Lakini kwanza tunaiombea Jumamosi yako. Mungu awe amekwenda nanyi mpaka mlangoni kwa Mama Tupokigwe, na awe ndani pia mama huyo alipoufungua.