Mwalimu Viazi na Chumvi ya Dada Yake

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Viazi, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi viatu. Mimi dada yake nilikuwa na miaka tisa, na kumbeba ilikuwa kazi yangu.

Alianza shule mwaka 1963. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye alisonga mbele hadi chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1978.

Alifundisha biolojia katika shule moja tu, kuanzia 1979 hadi alipostaafu 2016. Alikuwa akichimba shimo kwenye kiazi kibichi, anatia chumvi humo, anakisimamisha katika sahani ya maji. Baada ya muda shimo linajaa maji. Aliwaambia wanafunzi kuwa utando wa seli ni kama bawabu: maji anayapisha, chumvi anaiuliza inakwenda kwa nani. Viazi hivyo nilivimenya mimi.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa wifi yangu, mshonaji. Siku ya harusi bibi harusi alitoa kiazi kwenye mfuko wa koti la mumewe, akampa mpambe ashike.

Figo zilianza kumshinda Mei 2021. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hata pale alifundisha: damu upande huu wa utando, maji ya dawa upande ule, uchafu unavuka, chembe za damu zinabaki. Muuguzi alimwambia, “Mwalimu, umestaafu, lala.”

Daktari alikataza chumvi, na maji yakawa ya kupimwa kwa kikombe. Wifi alilishika hilo barabara. Mimi nilimwona mdogo wangu akisukuma sahani, nikajisemea kuwa daktari hakumlea huyu. Kuanzia tarehe 3 Juni 2024, wifi akiwa kwenye cherehani, nilikuwa natia chumvi kwenye viazi vyake. Siku ya kwanza alitafuna, akanitazama.

“Dada, leo bawabu hakuiuliza chumvi,” alisema. Akala vyote.

Kiu ikampata, akawa anakunywa kwa kujificha. Miguu ikavimba, kisha maji yakajaa mapafuni. Alifariki Jumatatu, tarehe 17 Juni, saa mbili asubuhi, akisubiri zamu yake ya mashine.

Daktari aliuliza nani alimpa chumvi. Ukoo mzima ulimgeukia wifi. Tangu siku hiyo hasalimiwi, na leo amekalishwa kiti cha nyuma. Nami nilinyamaza, mimi niliyemmenyea marehemu viazi vya somo lilelile miaka yote. Aliyepewa kuuchapa wasifu huu ameniomba haya yasichapwe. Nimekataa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Chumvi niliitia mimi. Wifi, njoo ukae hapa mbele; kiti hicho cha nyuma ni changu.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani. Kiu imekwisha.