Ampli ya Kwaya ya Bungulu

Mbele ya duka la Malachie, pale Butembo, kuna benchi la ubao ambalo asubuhi halikai tupu. Malachie anauza vyombo vya muziki, na kwa kuwa aliwahi kufika Dubai mara moja, jina lake la benchi ni Dubai. Kando yake hukaa Syauswa, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa Ingénieur kwa sababu hajawahi kukosa jibu, hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza. Mama Kavuo huuza kahawa ya termosi papo hapo, na maoni hutoa bure. Lakini mkubwa wa benchi ni Muyisa, ambaye jina lake la benchi ni Sikio. Ampli mpya, yaani mashine ya kukuza sauti, ikifika hutolewa nje, huwekwa juu ya kreti, huungwa na spika za duka, wimbo mmoja uleule wa kwaya hupigwa, na ni mwiko mtu kusema neno juu ya sauti kabla Sikio hajafumbua macho na kutoa hukumu. Makanisa mengi ya hapa mpaka Eringeti yalinunua ampli zao kwa neno lake.

Jambo ambalo benchi halikulijua ni kwamba tangu Pasaka Sikio mwenyewe hasikii vizuri. Sauti nzito bado anazipata, nyembamba zimemhama. Njuga za ule wimbo anazikumbuka tu. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Mtu aliyezoea kuitwa Sikio, akibaki bila masikio ataitwa nani?

Asubuhi hiyo ampli ilikuwa mpya ya kisasa, nyeusi, nyembamba kama kitabu cha misa. Kwaya ya Bungulu, kule Beni, ilikuwa imemtuma Adèle, kiongozi wao, aje aichukue iwapo Sikio ataikubali. Kabla hajafika, Malachie aliiwasha na wimbo ukapigwa. Muyisa alifumba macho. Besi ilimfikia kifuani kupitia ubao wa benchi, imara, bila kutetemeka. Juu ya besi hakusikia kitu, na hofu ikamshika. Alipofumbua jicho moja alimwona Mama Kavuo akijikuna sikio na Syauswa amekunja uso, akajiambia kuwa ni baridi.

— Iko muzuri, alisema. Inaongea kama mutu mukubwa.

Benchi likashusha pumzi. Sasa kila mtu alikuwa huru kueleza uzuri huo umetoka wapi, na haikuwa kazi rahisi, maana Syauswa aliinyanyua ampli kwa mkono mmoja, wakati ampli zote nzuri alizozijua zilitaka wanaume wawili.

— Bazee balisema debe tupu ndiyo inapiga kelele, alisema. Donc ampli ikiwa tupu, sauti inakuwa mingi. Zile za zamani zilikuwa nzito sababu sauti ilikuwa inabakia ndani.

Malachie alimpinga kwa upole. Kwake yeye siri ilikuwa baridi. Sauti ni kama viazi vya Lubero, alieleza, hupenda ubaridi, na ukiishusha Beni kwenye joto bila kuiandaa hulainika. Ndiyo maana ampli hii aliilaza kwanza kwa shemeji yake Lubero, ishike nguvu.

— Angalia na miguu yake, aliongeza. Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu. Ndiyo sababu hii bameiwekea ya caoutchouc, ya mupira.

Mama Kavuo alitaka kujua kitu kimoja tu: je, ilishawahi kupigwa kwa Waprotestanti? Ampli ikizoea magitaa yao, alisema, siku ukiipa Kyrie ya misa itakohoa. Syauswa, ambaye ni Mprotestanti tangu tumboni, alijibu kwamba ampli za Wakatoliki nazo husinzia wakati wa mahubiri. Wakacheka. Muyisa naye alicheka, ila moyoni hakuwa na raha.

Adèle alishuka kwenye pikipiki, akawapa mkono wote. Malachie alikuwa bado hajaurudisha wimbo, ampli imewashwa tu. Adèle aliinamisha kichwa kidogo.

— Papa Muyisa, wasingya, aksanti kwa kutuchagulia. Mais ile kafilimbi yenye kulia mule ndani, banaizimiaka wapi?

Malachie alitazama vitufe. Ingénieur alikosa jibu. Mama Kavuo akaendelea kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Munaisikia? Muyisa aliuliza.

— Toka mwanzo, Mama Kavuo alisema taratibu. Inanichoma.

— Na miye, alisema Syauswa. Lakini weye ulisema iko muzuri. Nikazani ni luxe, mambo ya ampli za bei kali.

Uongo ulimjia Muyisa mdomoni ukiwa tayari: nilikuwa nawajaribu. Wangemwamini, tena wangemsifu. Lakini Adèle alikuwa ameshafungua kitenge cha kufungia mzigo, kwa kuamini neno lake tu, na Muyisa aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

— Adèle, usibebe hii. Miye siisikie. Masikio yangu ilianza kufa toka Pasaka, na sikuambia mutu.

Alingoja kicheko, hakikuja. Malachie alinyoosha mkono aizime ampli, Muyisa akamzuia.

— Acha kwanza. Iko nalia namna gani?

Kwenye benchi lile hakuna mwingine aliyewahi kuulizwa juu ya sauti. Syauswa alijaribu kwanza, akasema inalia kama mbu. Mama Kavuo alikataa, mbu huenda na kurudi, hii haipumziki. Adèle akasema inafanana na mwimbaji anayeendelea kushika noti wakati wenzake wote wameshanyamaza. Ubishi ukaanza upya, na Muyisa akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, macho wazi, akitazama midomo yao na kuwaomba waseme polepole, mmoja mmoja.