Kelele za Chini ya Dirisha

Leo kijiweni tunanong'ona, na mimi fundi viatu kunong'ona kunanitoa jasho. Dirishani juu ya benchi letu, binti wa Fundi Saa anajinoa kwa fainali ya kulenga shabaha kesho. Bunduki haitoki klabu. Nyumbani anashika bomba la chuma lenye uzito uleule, anapumua, anatulia. Baba yake katutangazia: atakayepaza sauti, kahawa asahau. Ana kiwewe, maskini. Kwenye nusu fainali alipiga ukelele, "Piga, mwanangu!" Risasi ikaenda pembeni, binti akapita kwa taabu, baba akaapa hakanyagi tena uwanjani.

Breki, dereva wa lori, akaanza:

— Walengaji ni wale wa visahani vinavyorushwa hewani! Unapiga pale kinapokwenda, si pale kilipo. Kama mimi na kona, naikata kabla sijaifika.

Kinyozi akacheka puani.

— Ndiyo maana kila kona ina rangi ya lori lako. Mlengaji ni wa bastola! Kidole kinavuta polepole mpaka mlio unamshtua mwenyewe.

— Na wale wanaokimbia na bunduki, kibao cha shabaha hadi kibao? Breki akadakia. Jicho linatangulia, mkono unafuata!

Nikashindwa kuvumilia.

— Nyie! Kuna wanaoteleza kwenye theluji, wanafika wanahema, moyo unadunda, na bado wanalenga!

— Basi binti akimbizwe na mbwa kabla ya fainali! akasema Kinyozi.

— Mbwa wawili! Breki akaruka.

— Shhh! Fundi Saa aliinuka ghafla, kahawa ikamwagikia suruali. Tukanyamaza kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Binti huyo, bomba begani.

— Shikamooni. Mbona kimya, kuna msiba?

— Marahaba. Tunakuachia utulie, mwanangu.

— Nitulie na nini, baba? Siku zote nalenga mkibishana hapa chini. Leo mmenyamaza, bomba linanicheza mkononi.

— Lakini ile kelele yangu...

— Nilivuta haraka mwenyewe. Nilipokusikia ndipo nikatulia, nikajua upo. Haya, kesho nani anakuja?

Sote tulimtazama Fundi Saa, naye akatazama kikombe chake. Binti akapanda ngazi taratibu.

Fundi Saa akapangusa macho, akasimama, akanguruma mtaa mzima ukasikia:

— Breki! Kesho lori liwake mapema, tunakwenda wote! Na hebu rudia ule upuuzi wako wa kona, kwa sauti!

Wee! Tulibishana mpaka birika likakauka. Juu dirishani, bomba lilikuwa limetulia tuli.