Malachie Kabange, aliyengoja zamu yake

Wasikilizaji wapendwa wa Kamina na vijiji vyake, tumempoteza Mwalimu Malachie Kabange. Alifariki Jumanne iliyopita, akingoja kupelekwa hospitali. Nasema tena, akingoja.

Mlimjua. Alifundisha shule ya Wamethodisti hadi mvi zikamjaa, na tamthilia zake mlizisikia hapahapa redioni. Katika tamthilia hizo kila jambo lilipigiwa kura. Hata mama mzazi wa chefu, mtawala wa kijiji, alipanga foleni kisimani, ndoo kichwani, akinung'unika.

Mlimjua pia mshindani wake, Urbain Mwanza, Mkatoliki, mkulima wa mihogo na mtunzi wa hadithi. Katika hadithi za Urbain hakuna kura. Kuna chefu mmoja mwenye haki, anayeona sheria inamuumiza mjane, naye anaivunja mchana kweupe. Wawili hawa walibishana kwenye studio hii mpaka chai ikapoa.

Malachie alimchokoza: "Mudogo, chefu wako muzuri akikufa, utabakia na nani?"

Urbain alijibu, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa: "Na kura yako ikikosea, yaya, utalilia nani?"

Tulicheka sana. Leo sicheki.

Mtaa wao una pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea wagonjwa. Inabeba mgonjwa mmoja tu aliyelala. Zamani wakubwa walijipitisha mbele. Malachie ndiye aliyeleta pendekezo: anayefika kwanza aende kwanza, na hata chefu wa mtaa asiweze kubadilisha. Kura zilipigwa, likapita.

Jumanne mchana kifua kilimbana. Mvua ilinyesha, na nyuma ya pikipiki ya kawaida hakuweza hata kukaa. Binti yake Lise na Urbain walimbeba kwenye kiti hadi kwa chefu wa mtaa, mzee Edmond, inakoegeshwa ile ya wagonjwa. Wakakuta mama Béthanie tayari amelazwa kwenye ile pikipiki, uchungu wa kuzaa umemshika, mtoto amekaa vibaya.

Urbain alimsihi Edmond atoe amri Malachie atangulie. Edmond alisita, kisha akaanza kuinua mkono. Malachie ndiye aliyemzuia.

"Kura ilipita. Ule mama njo wa kwanza. Minyi nitangoja."

Alingoja barazani. Pikipiki iliporudi, alikuwa ameshakata roho. Béthanie alijifungua salama. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi nina hasira, wasikilizaji, na sijui nimkasirikie nani.

Kwenye kilio nilimwomba Urbain atuandikie hadithi ya siku ile, chefu wake atoe amri. Alifuta macho.

"Nimejaribu. Nafika pale, nashindwa. Nimushushe nani? Mutoto wa Béthanie iko muzima."

Pole Lise, poleni ukoo wote wa Kabange, poleni ndugu zetu Wamethodisti. Pole sana, Urbain. Mungu ampokee mwalimu wetu.

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili baada ya ibada mtaa utapiga kura tena: kanuni ya Malachie ibaki, au chefu apewe ruhusa ya kuivunja. Tafakarini nasi huko majumbani, maana siku moja mgonjwa atakuwa wenu. Nilimuuliza Lise atanyoosha mkono upande gani. Alisema akiunga mkono ruhusa, baba yake angemkasirikia, lakini kwa ruhusa hiyohiyo baba angekuwa hai.